Mfungwa wa Sanduku 4127

Zaluzhye, 18 Septemba 1960

Mwanangu Venya,

Salamu zangu zikufikie popote walipokuweka. Mimi mzima, ila miguu inavimba, na ikifika jioni siwezi kuvua mabuti bila kuomba msaada. Viazi tumevuna na si vibaya. Mbuzi wa Stepanida ameingia tena kwenye kabichi zangu, na Stepanida mwenyewe anasema kabichi ndizo zilizomchokoza mbuzi. Unamjua jirani yetu huyo, mdomo wake haujapata likizo tangu azaliwe.

Nimekutumia kifurushi. Kina mikate ya nafaka ya rai niliyoikausha mwenyewe jikoni, vitunguu saumu, kipande cha nyama ya mafuta yenye chumvi, soksi jozi mbili, na tumbaku. Najua huvuti. Tumbaku ni ya kubadilishana. Mjane wa Arkhip kanifundisha kwamba huko ndani mtu mwenye tumbaku anaheshimiwa. Wakikutoa nje kufanya kazi kwenye baridi, vaa soksi zote kwa pamoja.

Usinikasirikie kwa kusema wazi. Mwaka wa nne huu hujaja nyumbani. Barua zako hazina mji wala mtaa, zina sanduku na namba tu. Mtu huru ana mtaa, Venya. Arkhip naye alikuwa na namba miaka yote ile ya kifungo chake, na kila barua aliandika yuko kazini, anakula vizuri. Wewe ulikuwa na mdomo tangu darasa la pili, ulimsahihisha mwalimu mbele ya mkaguzi. Nilijua mdomo huo utakuponza. Sikuulizi ulisema nini. Nataka kukuona tu, kabla sijaondoka. Daktari wa wilaya kasema ugonjwa uko moyoni, miguu inasingiziwa.

Mama yako,
Pelageya


Sanduku la Posta 4127, 11 Oktoba 1960

Mama mpendwa,

Kifurushi kimefika salama, nashukuru sana. Mikate imekwisha siku hiyohiyo, wenzangu waliipokonya.

Mama, sijafungwa. Nimekwambia na nakwambia tena. Nafanya kazi ya uhandisi, mambo ya mitambo, siruhusiwi kueleza zaidi. Nina kitanda changu, nina koti zito, nalipwa mshahara. Kazi ikipungua nitaomba likizo nije. Tafadhali punguza chumvi, na usibebe ndoo za maji mwenyewe.

Nimekukumbuka mno.

Mwanao,
Venya


Nyikani, 12 Oktoba 1960

Rufina, malkia wa sindano,

Barua hii anakuletea rubani wa ndege yetu ya mizigo. Isome kisha uitie motoni, la sivyo sote wawili tutapata makazi anayoyafikiria mama yangu.

Jumanne tulikiangusha tena kiti kutoka kwenye ndege. Nakurudia mambo unayoyajua, kwa sababu siku hizi hata usingizini nayarudia. Roketi inampandisha mtu akiwa ndani ya tufe. Tufe linaizunguka dunia, linarudi likiwaka moto, na likikaribia ardhi mfuniko unafyatuka, kiti kinamrusha mtu nje, ashuke kwa parachuti. Watu wote hapa wanalia na roketi. Ni kweli inatutesa. Ile ya juzi ilipasuka mbele ya macho yetu na tukashinda tukiokota vipande nyikani kama watoto wanaookota kuni. Lakini siku roketi ikikubali, maisha ya mtu yatabaki juu ya kitambaa mnachokishona kwenye karakana yenu. Na safari hii kitambaa kilitoka donge, kikafunguka nusu. Mtu wetu wa bandia alipiga ardhi ikabidi tumchimbue kwa sepetu.

Wakubwa wanataka mtu wa kweli apande kabla ya kiangazi. Niambie unachofikiri kuhusu donge lile.

Na lingine. Novemba unaenda Kostroma kwa dada yako, na Zaluzhye haiko mbali. Mpelekee mama yangu dawa za moyo ninazokutumia pamoja na hii. Anaamini nimefungwa. Usicheke, Rufina. Nilicheka mwaka wa kwanza. Sasa naifungua mifuko yake ya mikate mikavu na sicheki.

Venya


Karibu na Moscow, 20 Novemba 1960

Venya,

Nimemwona. Kaa chini ndipo usome.

Nilijitambulisha kuwa nafanya kazi na wewe. Aliishika mikono yangu, akazitazama ncha za vidole zilivyochomwachomwa na sindano, akaenda kufunga mlango.

"Na wewe ulikuwa ndani, binti?"

"Ndani wapi, Mama?"

"Haya, usiseme. Stepanida yuko upande wa pili wa ukuta huu na sikio lake limeshagandana na mbao. Wanampiga?"

"Hapana, Mama, hakuna anayempiga."

"Wanamlisha?"

"Wanamlisha vizuri."

"Nini?"

Nikasema uji, nyama ya kopo, na kiangazi kuna matikiti. Hapo alikasirika kweli.

"Matikiti! Binti, ukitaka kunidanganya nidanganye kwa akili. Nani kamwona mfungwa anakula tikiti?"

Nilitamani kumwambia. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikajaza mdomo supu ya kabichi. Alinilisha mpaka nikashindwa kupumua, anasema nimekonda, kwamba huko wanawake tunashonishwa tukiwa na njaa. Dawa nimempa na nimemwelekeza. Amekonda yeye, Venya, na akitoka jikoni kwenda dirishani anapumzika katikati ya njia.

Wakati wa kuondoka alinikalisha naye kwenye benchi, kama tunavyokaa sote kabla ya safari. Kisha akasema, "Mwambie asinionee haya. Mimi sioni haya kuwa mama yake." Nimelia njia nzima hadi stesheni.

Sasa donge lako. Paa la ukumbi wetu linavuja na mvua za Oktoba unazijua. Nilikigusa kitambaa asubuhi kabla ya kukunja, kina unyevunyevu. Huko juu unyevu unaganda, mikunjo inashikana. Nimedai majiko mawili ya ukumbini na nimeyapata kwa kelele. Sasa hatukunji mpaka kitambaa kikauke kama mikate ya mama yako.

Rufina, ambaye sasa kijiji kizima kinamjua kama mchumba wa mfungwa


Zaluzhye, 22 Desemba 1960

Mwanangu Venya,

Dawa nakunywa, pumzi imerudi kidogo. Yule msichana wako nimempenda. Ana adabu na hajui kusema uongo, akidanganya masikio yanakuwa mekundu. Mkiachiwa wote wawili muoane, kitanda kipo.

Sasa nikwambie, na usipige kelele. Nimewaandikia wakubwa Moscow. Stepanida alinisaidia kupata anwani, maana mdomo wake mara mojamoja unafaa kitu. Nimeeleza kwamba wewe si mtu mbaya, kwamba baba yako alikufa vitani na sikumlalamikia mtu, na kwamba nina mtoto mmoja. Sikutukana. Nimeandika kwa mwandiko mzuri, nimekaa nao siku mbili.

Wengi wameshaachiwa miaka hii, Venya. Hata mwalimu wa Pavlovo karudi, na yeye walisema harudi. Sioni kwa nini wewe wakusahau. Barua ikifika kwa mtu mwenye mama, atakuachia.

Nakungoja. Nikisikia theluji inakanyagwa nje huwa nasimama, halafu ni Stepanida.

Mama


Nyikani, 16 Februari 1961

Rufina,

Nimeitwa na afisa usalama. Nilikwenda nikidhani ni hizi barua zetu za ndege. Alikuwa na karatasi mezani, mwandiko nikautambua toka mlangoni.

"Kuzovlev, mama yako anaomba tukusamehe."

"Ndiyo, mkuu."

"Tukusamehe nini?"

"Sijui, mkuu. Na yeye hajui."

Akanisomea. "Kama alisema neno baya, alilisema kwa ujana. Mume wangu niliwapa na sikudai kitu. Huyu mmoja nirudishieni." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilidhani ameguswa. Labda aliguswa. Kisha akasema:

"Usimkanushie tena. Mama anayeamini mwanawe yuko gerezani hamwelezi mtu mtoto yuko wapi, wala hakuna mpelelezi wa nchi yoyote atakayepoteza muda kumuuliza. Kificho kama hiki hata sisi tusingekibuni."

"Mkuu, mama ni mgonjwa wa moyo."

"Ndiyo maana nimempelekea Mhandisi Mkuu hii karatasi."

Mhandisi Mkuu alicheka mpaka machozi, halafu akaacha kucheka, akaniandikia likizo ya wiki mbili kuanzia Machi mosi. Rufina, nilitoka pale nikiwa mtoto. Nilimuona mama kabisa anafungua mlango.

Lakini jaribio la juzi limeniharibia furaha. Parachuti ilifunguka, ndiyo, ila upande mmoja ulichelewa, ukajikokota, ndipo ukajaa. Tume imeandika "imefunguka". Nimewaambia, nao wananiambia, "Kuzovlev, ilifunguka au haikufunguka?" Machi tunarusha kila kitu kwa pamoja, roketi, tufe, kiti, na mtu wa bandia ndani. Baada ya hapo anapanda mwenye damu.

Mmoja wa vijana watakaopanda alikuja kukitazama kiti. Akaipapasa mikanda, akaniuliza, "Hii inafunguka, siyo?" kwa sauti ya mtu anayeulizia duka. Nikamjibu inafunguka.

Venya


Karibu na Moscow, 24 Februari 1961

Venya,

Nenda.

Nakujua, umeshaanza kutafuta sababu. Nenda! Parachuti nitakuja kuzikunja mimi kwa mikono yangu, nimeshaomba kibali cha kuja huko. Huniamini? Niliuona mguu wa mama yako. Nilibonyeza kidole, shimo likabaki. Mtu wa namna hiyo haambiwi asubiri majaribio.

Upande ule uliochelewa tutautafuta bila wewe. Wahandisi mko wengi huko, mnakanyagana. Mama unaye mmoja na yeye anaye mmoja.

Rufina


Sanduku la Posta 4127, 4 Machi 1961

Mama mpendwa,

Sijui niandikeje, nimeshachana karatasi tatu.

Barua yako ilifika kwa wakubwa. Walikusikiliza. Nilipewa ruhusa ya wiki mbili nije nyumbani, karatasi ilikuwa na muhuri na jina langu. Mimi ndiye niliyeirudisha. Hakuna aliyenizuia.

Siwezi kukueleza kwa nini. Kama ningeweza, ungekuwa wa kwanza kuelewa, kwa kuwa hukuwahi kuacha kazi nusu hata siku moja. Naomba usidhani nilikuwa sitaki kuja. Nilishafunga sanduku la nguo.

Kunywa dawa, Mama. Nisubiri kidogo tena.

Venya


Nyikani, 20 Machi 1961

Rufina,

Siku uliyoondoka huku, baada ya kutukunjia parachuti, ndiyo nimeona tatizo. Nasikitika kwamba hukuwepo kunicheka.

Mlikausha kitambaa vizuri kule. Tatizo liko kwetu. Kreti zinakuja kwenye ndege isiyo na joto, zimekuwa barafu, na sisi kwa kuzihurumia tunaziingiza moja kwa moja kwenye chumba chenye jiko. Nilitia mkono ndani ya mfuko uliofika asubuhi. Umetoka jasho, kama mtungi wa maziwa uliotolewa kwenye baridi ukawekwa mezani. Upande ulioelekea jiko ndio uliolowa. Ndio uliochelewa!

Sasa tumezima jiko. Tunakunja kwenye baridi ileile, tumevaa makoti, vidole havisikii, tunapokezana kupasha mikono makwapani. Wenzangu wananitukana matusi ambayo hata Stepanida hayajui. Tuliangusha mara mbili. Inafunguka kote kwa pamoja, safi, mpaka mtu unataka kupiga makofi. Jaribio kubwa nalo lilipita, mtu wa bandia alishuka polepole theluji ikimpokea.

Mama hajajibu. Nakwenda posta kila gari linapokuja. Yule karani ameanza kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Natamani ungekuwa hapa. Wakati unakunja pembeni yangu sikukwambia kitu, mikono ilikuwa na kazi. Nakwambia sasa.

Venya


Zaluzhye, 29 Machi 1961

Venya,

Barua imefika. Nimeisoma, nikampa Stepanida naye aisome, nilidhani macho yangu hayaoni sawasawa. Naye kaona hivyohivyo.

Mfungwa anapewa mlango wazi, anaurudisha. Sijapata kusikia. Kitanda nilikuwa nimeshakitandika, maana moyo uliniambia Machi.

Sina cha kuongeza.

Pelageya


Zaluzhye, 14 Aprili 1961

Mwanangu Venya,

Nisamehe ile barua iliyopita, niliiandika kwa hasira. Leo naandika kwa sababu nyingine. Huko ulipo sidhani kama wanawapa redio, na nisingependa upitwe na jambo hili.

Mtu amepanda mbinguni, Venya! Mtu kabisa, kijana wetu. Kapanda kwa roketi akaizunguka dunia yote, akashuka mzima. Juzi nilikuwa namkamulia Stepanida mbuzi, yeye ana kidole kibovu, mara tukasikia kipaza sauti cha ofisi ya kijiji kinapiga kelele. Nilidhani vita. Nikamwaga maziwa. Stepanida akanikokota mpaka ofisini, wakanipa nafasi kwenye benchi, watu wamejaa wakakanyaga hata maua. Redio inasema yuko juu, yuko juu bado, na mimi nimelishika benchi kwa mikono miwili kana kwamba nikiachia ataanguka. Nikawa nasema moyoni, enyi mliompandisha, je, mmefikiria namna ya kumshusha? Maana kupandisha watu mnajua. Halafu wakasema ametua. Ametua salama! Stepanida akanibusu, fikiria, Stepanida. Mwenyekiti wa shamba la ushirika alilia akifuta pua kwa kofia.

Redio haikusema alishukaje. Wanaume wanasema lazima ni parachuti. Kama ni parachuti basi kuna mtu aliyeikunja, na huyo mtu akunjiwe vizuri na yeye maisha yake. Nimemwashia mshumaa wa sala. Mwenyekiti hajui.

Ila niliporudi nyumbani nililia tofauti. Nilimfikiria mama wa yule kijana. Hata yeye hakuambiwa, nina hakika, alikuwa labda anapika. Na wamemrudishia mwanawe. Sikumwonea wivu, Venya, sema nilikaa pale kitandani kwako nikakitandua, nikakitandika upya.

Nimefikiri pia juu ya ile ruhusa. Mjane wa Arkhip anasema huko ndani kuna watu huwaachia wenzao nafasi. Mgonjwa, au kijana ambaye mama yake hawezi kungoja. Kama ndivyo ulivyofanya, basi hukukosea, na mama yake apate kumuona. Ungeniambia tu. Mimi nitajikaza.

Uvimbe wa miguu haushuki tena. Naandika nikiwa nimelala, ndiyo maana mistari inapanda.

Mama yako,
Pelageya


Sanduku la Posta 4127, 2 Mei 1961

Mama yangu mpendwa,

Asante kwa kuniambia. Huku hatukuwa tumesikia.

Nimewasomea wenzangu barua yako. Tulikuwa wengi chumbani, na nilipomaliza wakaniomba nirudie kuanzia pale ulipomwaga maziwa. Afisa mmoja wa hapa, mtu mgumu, alitoka nje bila kofia.

Uliyofikiri kuhusu ile ruhusa ni kweli. Kulikuwa na kijana, na mama yake alikuwa anamngoja.

Niandikie tena, Mama, hata kama ni mistari michache, hata kama inapanda. Anza mwanzo. Redio ilisemaje, nani alikuwepo, nani alilia kwanza. Huyo mtu wa parachuti, ulimwombea maneno gani? Usiruke kitu. Rufina nimemwomba apande treni leo hii aje akae na wewe, akushikie kalamu ukichoka.

Mimi nimeomba tena ruhusa, lakini wanatayarisha kijana mwingine, na bado hawajaniachia.

Mwanao,
Venya